Bunge la Marekani lilifuta sindano moja, amri likaiacha palepale

Desemba 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya matumizi ya ulinzi yenye kurasa zaidi ya 4,000 na dola bilioni 858 ndani yake. Katikati ya habari za manowari, ndege za kivita, mishahara na nyumba za wanajeshi kulikuwa na kifungu cha 525, chenye mistari michache tu: Waziri wa Ulinzi, ndani ya siku 30, afute amri yake ya Agosti 24, 2021 iliyowalazimisha wanajeshi kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19. Baraza la Wawakilishi likapiga kura 350 kwa 80, Seneti 83 kwa 11. Rais Joe Biden na waziri wake Lloyd Austin walikuwa wameupinga ufutaji huo, lakini Desemba 23 rais alisaini. Kuirudisha sheria nzima ya jeshi kwa ajili ya sindano moja ulikuwa mzigo ambao hakutaka kuubeba.

Kilichoiangusha amri ile hakikuwa hoja ya kitabibu iliyoshinda ukumbini. Yalikuwa mapatano ya kisiasa. Kundi la maseneta wa Republican lilitishia kukwamisha sheria nzima. Kevin McCarthy, kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, aliyekuwa akiuwinda uspika na kuhesabu kura mojamoja za wabunge wenye msimamo mkali wa chama chake, akasema bila ufutaji huo sheria haisogei. Democrats walizihitaji kura za upande wa pili ili sheria ipite kabla mwaka haujaisha. Hata Adam Smith, Mdemocrat aliyeongoza kamati ya majeshi ya Baraza la Wawakilishi, alisema uamuzi wa 2021 ulikuwa sahihi kwa wakati wake, ila ni halali kuuliza kama bado unafaa. Basi likafunikwa kombe, mwanaharamu akapita.

Kuna waliosherehekea siku ile na kuna waliosikitika. Nionavyo, wote walikuwa wakiangalia pasipo. Bunge halikujibu swali lenyewe: ni wakati gani dola ina haki ya kumwamuru askari akunje mkono wa shati achomwe sindano, nani aangalie ushahidi, anayekataa asikilizwe na nani, na amri hiyo ife lini. Lilichofanya ni kuondoa jina la chanjo moja kwenye orodha yenye chanjo nyingine zinazofikia 17, kutegemea askari anapelekwa wapi, kisha likafunga faili. Mamlaka yaliyozaa amri ile hayakupunguzwa hata kidogo.

Tuanze na msingi, maana kelele za miaka ile ziliufukia. Askari si mfanyakazi wa ofisini anayeweza kuacha kazi Ijumaa jioni. Ameapa kutii amri halali, na kuikaidi ni kosa la jinai chini ya sheria za kijeshi. Upande wa pili wa kiapo hicho hautajwi sana: tangu hukumu ya Feres ya mwaka 1950, Mahakama Kuu ya Marekani imeshikilia kwamba askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata kutokana na utumishi wake. Akidhurika, njia yake kuu ni mafao ya maveterani. Hana uwezo wa kukataa na hana uwezo wa kudai fidia mahakamani. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo anastahili sheria iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko raia yeyote mwingine, na wa kuiandika ni Bunge, kwa sababu kwenye fidia mahakama zimejiweka kando.

Kwamba jeshi lina sababu ya kuchanja, hilo halina ubishi wa maana. George Washington mwenyewe alianza kwa kukataza. Mei 1776 alipiga marufuku kupandikiza ndui kwenye kambi za New York, akihofu kwamba waliopandikizwa wangeusambaza. Majira yaleyale jeshi lake lililoivamia Quebec lilikuwa linateketea kwa ndui. Jenerali wake John Thomas alikufa kwa ugonjwa huo Juni. Februari 1777, akiwa Morristown, Washington akageuka na kuagiza jeshi zima lipandikizwe, kimyakimya ili Waingereza wasijue ni kikosi gani kimelala kitandani wiki hiyo. Na haikuwa chanjo ya Jenner, iliyokuja karibu miaka 20 baadaye. Ulikuwa usaha wa mgonjwa halisi unaoingizwa kwenye mkato wa ngozi, na baadhi walikufa kwa upandikizaji wenyewe. Alipiga hesabu ya vifo vichache dhidi ya vingi. Wanaomtaja siku hizi kama ushahidi kwamba chanjo ya lazima ni mila ya jeshi la Marekani wana haki, ilimradi wakumbuke pia kwamba mtu huyohuyo aliibadili amri yake mara tu hali ilipobadilika.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Katika vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, chanjo ya homa ya matumbo ilikuwa ya hiari na waliokubali hawakufika askari 15,000. Homa hiyo iliua zaidi ya askari 8,000. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, madaktari wakiongozwa na Almroth Wright walidai ifanywe lazima. Wapinga chanjo wakawa na marafiki bungeni na serikali ikasita. Ikabaki hiari mpaka mwisho. Lakini maofisa wa vikosi walishawishi, wakashawishi tena, mpaka idadi kubwa sana ya askari wakachanjwa, na homa ya matumbo ikaua takriban watu 1,200 katika jeshi lenye mamilioni. Mfano huu haupendwi na upande wowote. Unawaambia wa lazima kwamba hiari inaweza kufika mbali, na unawaambia wa hiari kwamba ilifika mbali kwa kuwa jeshi zima lilisimama nyuma ya chanjo, pamoja na wanasiasa.

Mashaka ya askari nayo yana historia, na si ya kubuni. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachoma askari wake chanjo ya homa ya manjano iliyotengenezwa kwa kuchanganywa na majimaji ya damu ya binadamu. Baadhi ya watoaji damu walikuwa na homa ya ini aina ya B. Askari wapatao 50,000 walilazwa wakiwa na macho ya njano, na utafiti uliochapishwa 1987 ulikadiria kwamba walioambukizwa walikuwa karibu 330,000. Wakati wa vita vya Ghuba, serikali ilijipa kanuni ya kuwapa askari dawa ambazo matumizi hayo hayakuwa yameidhinishwa, bila kuomba ridhaa yao. Miaka ya tisini ilipofika mwisho, ikaja chanjo ya kimeta.

Kimeta ndiyo sura ambayo Bunge lilipaswa kuisoma upya kabla ya kugusa UVIKO. Mwaka 1998 wizara ya ulinzi ilianza kuwachanja wanajeshi wote kwa lazima, sindano sita kwa ratiba ya mwaka mmoja na nusu. Marubani wa jeshi la akiba wakaanza kuondoka, wengine wakafikishwa mahakama za kijeshi. Mwaka 2000 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilitoa ripoti kali ikitaka ulazima usimamishwe. Ripoti haikuwa sheria, na wizara ikaendelea. Aliyekuja kuisimamisha ni jaji mmoja wa Washington, Emmet Sullivan, Oktoba 2004, kwa sababu mamlaka ya dawa ilikuwa imeruka hatua ya kupokea maoni ya umma kabla ya kuithibitisha chanjo hiyo dhidi ya kimeta cha kuvutwa kwa pumzi. Mamlaka ikarekebisha karatasi zake mwishoni mwa 2005, na mwaka uliofuata wizara ikatangaza kurudisha ulazima. Miaka minane ya ugomvi, na Bunge likabaki pembeni likipiga makofi au kuzomea.

Nisilionee Bunge. Baada ya Ghuba lilitunga kifungu cha 1107 cha sheria za majeshi, na baadaye 1107a, vinavyosema kwamba dawa au chanjo iliyo bado kwenye majaribio, au iliyoruhusiwa kwa dharura tu, haiwezi kulazimishwa kwa askari mpaka rais mwenyewe atie saini ya kuondoa haki ya kukataa. Ni sheria nzuri. Inamfanya mtu mmoja anayepigiwa kura abebe jina la uamuzi. Na ndiyo iliyomfanya Austin asubiri: chanjo ya Pfizer ilipata idhini kamili Agosti 23, 2021, amri ikatoka kesho yake.

Hapo ndipo chupa ndogo ya dawa ilipogeuka kesi. Idhini kamili ilitolewa kwa chanjo yenye jina la Comirnaty, lakini chupa zilizokuwa kwenye majokofu ya kambi bado zilikuwa na lebo ya zamani, ile ya ruhusa ya dharura. Wizara ikasema yaliyomo ni yaleyale, kwa hiyo zichomwe. Kitabibu ilikuwa kweli. Kisheria, askari aliyesoma kifungu cha 1107a alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini chupa iliyo mbele yake haina jina lililoidhinishwa, na jibu la "ni kitu kilekile" halikuandikwa popote na Bunge. Wanasheria wakala hapo mwaka mzima. Sentensi moja kwenye sheria ingeumaliza ugomvi ule kabla haujazaliwa.

Lakini donda kubwa lilikuwa la dini. Mwaka 1993 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kulinda uhuru wa ibada, inayoitaka serikali, jeshi likiwemo, ithibitishe kwamba ina sababu nzito na imechagua njia isiyombana muumini zaidi ya lazima. Jeshi la Wanamaji lilipokea maelfu ya maombi ya kutochanjwa kwa sababu za imani. Kesi ya makomando wake ilipofika kwa jaji Reed O'Connor huko Texas, Januari 2022, ilionekana kwamba utaratibu wa kushughulikia ombi ulikuwa na hatua 50, na katika hatua 15 za kwanza karani aliagizwa achukue barua ya kukataa iliyokwisha kuandikwa, aweke jina na cheo cha mwombaji. Hatua nyingi zilizofuata zilikuwa za kupeleka karatasi huku na huku. Jaji aliuita utaratibu huo maigizo.

Unaweza kusema O'Connor ni jaji anayependwa na wahafidhina, na ni kweli. Juni 2022, hata hivyo, mkaguzi mkuu wa wizara yenyewe alimwandikia Austin kwamba kwa kasi ya maamuzi yaliyotolewa, kila ombi lilipata wastani wa dakika 12 hivi. Dakika 12 za kusoma barua ya mwombaji, maoni ya kasisi wa kikosi, maoni ya kamanda na ya daktari, kisha kuamua kama mtu aliyetumikia miaka 15 anabaki au anaondoka. Mimi ni muumini wa chanjo, na siamini kwamba kila aliyedai dini alikuwa na dini. Wengi waliigundua imani hiyo wiki ya amri. Bado, sheria inataka mtu mmojammoja asikilizwe. Amiri anayekataa maombi yote kwa barua moja anampa adui yake silaha, na ndivyo ilivyokuwa: mahakama zikaanza kuzuia adhabu. Machi 2022 Mahakama Kuu ililiruhusu Jeshi la Wanamaji liangalie hali ya chanjo linapopanga nani aende wapi, Jaji Brett Kavanaugh akikumbusha kwamba amiri jeshi ni rais, si majaji. Kuadhibu, hata hivyo, kulibaki kumefungwa.

Sasa meli mbili. Machi 2020 meli ya kubebea ndege ya USS Theodore Roosevelt ilitia nanga Guam virusi vikiwa vimetawala ndani. Kati ya mabaharia 4,779, walioambukizwa walifika 1,271, mmoja akafa, nahodha Brett Crozier akapoteza wadhifa kwa kuomba msaada kwa barua iliyovuja. Meli ya vita ya nchi yenye nguvu kuliko zote ilisimama wiki kadhaa bila adui kufyatua risasi. Aliyeyaona hayo akaagiza chanjo mwaka uliofuata hakuwa dikteta. Kisha Desemba 2021 meli ndogo ya USS Milwaukee ikakwama Guantanamo Bay baada ya mabaharia kama dazeni mbili kuambukizwa. Wote melini walikuwa wamechanjwa. Hali za wagonjwa zilikuwa nyepesi, na hiyo ni kazi ya chanjo, lakini meli ilisimama vilevile.

Kati ya meli hizo mbili hoja ya ulazima ilikuwa imebadilika, na amri haikubadilika nayo. Agosti 2021 ilisema: chanja ili kikosi kisianguke kwa pamoja. Mwaka mmoja baadaye, kirusi cha Omicron kikiwa kimeshaonyesha kwamba kinapenya, kilichobaki hasa kilikuwa: chanja ili wewe mwenyewe usizidiwe. Ni sababu nzuri, ila nyepesi zaidi, hasa kwa vijana wenye afya. Wizara haikuwahi kulazimisha dozi ya nyongeza. Kwa hiyo mwishoni mwa 2022 askari aliyechomwa dozi mbili mwanzoni mwa 2021, kinga yake ikiwa imeshashuka, alihesabika yuko sawa, na mwenzake aliyepona UVIKO mwezi uliopita bila kuwa na kadi ya chanjo alihesabika mkaidi wa kufukuzwa. Amri ikifika hapo imeshaacha kulinda kikosi, inakagua kadi.

Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuifuta, na bungeni ndiyo iliyosikika kidogo. Iliyosikika sana ilikuwa ya uandikishaji. Jeshi la Nchi Kavu lilipungukiwa askari 15,000 kwenye lengo la 60,000 mwaka wa fedha wa 2022, na wabunge wengi wakasema sindano ndiyo inayowakimbiza vijana. Hoja hii imekutana na mtihani na imeanguka. Amri ilifutwa Januari 2023. Mwaka huo jeshi hilo likakosa lengo tena, pungufu ya watu 10,000 hivi. Wizara yenyewe ilikuwa imeshasema kwamba vijana wanaofaa kuingia jeshini bila msamaha wowote ni asilimia 23 tu, kwa sababu ya unene, dawa za kulevya, afya ya akili, elimu na rekodi za polisi. Na wale zaidi ya 8,000 waliofukuzwa? Mpaka Oktoba 2023 waliokuwa wamechagua kurudi walikuwa 43.

Suala la hao 8,000 halijaisha. Desemba 2021 Bunge lilikuwa limeshaweka kwamba wafukuzwe kwa heshima au kwa hadhi ya kawaida iliyo chini kidogo ya heshima, si vibaya zaidi. Ilisikika kama huruma, lakini ile hadhi ya chini kidogo inamnyima askari malipo ya masomo ya chuo, na maelfu waliipata. Seneta Ron Johnson alileta marekebisho Desemba 2022 ya kutaka warudishwe na walipwe malimbikizo. Yakaanguka 40 kwa 54. Januari 27, 2025 Rais Donald Trump akayapa uhai kwa amri ya rais: warudi, wapewe vyeo vyao, walipwe.

Mimi nawatenganisha. Aliyeomba kwa sababu ya imani akajibiwa kwa barua iliyoandikwa kabla hajaomba, huyo anadai, na alipwe. Cheti cha aliyenyimwa masomo kwa kosa ambalo kabla ya mwaka mmoja na nusu kupita lilikuwa limeshaacha kuwa kosa, kirekebishwe. Lakini kumlipa miaka ya mshahara kila aliyekaidi amri iliyokuwa halali siku ilipotolewa ni kumfanyia kejeli yule mwenzake aliyechomwa huku roho haitaki, kwa kuwa alikuwa ameapa. Huyo hatapata malimbikizo yoyote. Zaidi ya asilimia 95 ya wanajeshi wa kudumu walitii, na katika mjadala mzima wa bungeni ni nadra kumsikia mtu akiwazungumzia.

Sheria ambayo ningependa kuiona si ndefu. Amri yoyote mpya ya chanjo kwa jeshi zima ife yenyewe baada ya miezi 12, isipokuwa waziri aende mbele ya kamati za majeshi na aonyeshe, kwa takwimu za jeshi lenyewe, kwamba sababu ya kwanza bado ipo. Maombi ya imani yaamuliwe na jopo lililo nje ya mnyororo wa kamanda anayebanwa na tarehe ya mwisho, na kila jibu liandikwe kwa sababu zake. Lebo ya chupa iwe jambo la sheria. Anayedhurika kwa chanjo aliyolazimishwa afidiwe bila kusumbuliwa athibitishe uzembe wa mtu, na takwimu za madhara zitolewe hadharani kila robo mwaka. Wanaosema haya yatamfunga mikono amiri jeshi wasome waraka wa Austin wa Januari 10, 2023, uleule wa kufuta: unasema makamanda bado wanaweza kuangalia hali ya chanjo ya askari wanapopanga safari, vituo na operesheni, hasa pale nchi mwenyeji inapodai cheti. Kamanda ana nafasi ya kutosha. Anachokosa ni mipaka inayojulikana kabla ya ugonjwa kufika.

Wa kulisukuma jambo hili wangekuwa Republicans, kwa kuwa wao ndio waliolalamika kuhusu amri isiyo na breki. Ila sasa anayeshika kalamu ya amri ni rais wao, na hakuna chama kinachopenda kumfunga rais wake. Democrats nao wanaogopa kwamba kugusa neno chanjo ndani ya sheria ya ulinzi ni kuwafungulia mlango wanaotaka kuondoa zile nyingine 17, na hofu hiyo si ya bure. Kamati za majeshi huandika sheria hii kila mwaka, kwa hiyo nafasi haikosekani. Linalokosekana ni kundi lenye sababu ya kupigania kanuni ambayo itakibana chama chake chenyewe kitakaposhika madaraka.